KUPIMA MAJI YA MVUA
Hotuba kwa Wanafunzi wa Kazi ya Maji, Makumira

(Maneno haya yalisemwa Makumira, katika nchi ya Meru, mbele ya washili, walimu, wenyeviti wa vijiji na vijana waliokusanyika kujifunza kazi ya kupima maji ya mvua na kutunza hesabu zake. Twayachapa hapa kwa kuwa wasomaji wetu wa wilaya nyingine nao wana mito, mifereji na makorongo.)



Nimeombwa niwaeleze kazi ya kupima maji ya mvua, yaani yale maji yatiririkayo juu ya ardhi wakati mvua inyeshapo, kabla hayajanywewa na udongo wala kufika mtoni. Na tena niwaeleze jinsi ya kuzisoma hesabu zinazopatikana katika kupima huko. Najua wako watakaouliza: Maji ya mvua yapimwe ya nini? Mungu huyaleta, nayo huenda zake. Swali hili si la kipumbavu, nami nitalijibu kwanza, maana mtu asiyejua sababu ya kazi huifanya shingo upande.

Mlima Meru una kimo cha mita zipatazo 4,560, na upande wake wa kusini hupata mvua nyingi kuliko nchi tambarare iliyo chini yake. Katika masika, tangu Machi hata Mei, na katika vuli, Novemba na Disemba, maji hushuka kwa mito mingi: Themi, Nduruma, Tengeru, Magadirisho, Usa, Maji ya Chai na mingineyo. Karibu yote ya upande huu huelekea mto Kikuletwa, na Kikuletwa huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha maji hayo huitwa mto Pangani mpaka baharini. Basi taka itupwayo korongoni hapa kwetu yaweza kunywewa na mtu asiyetujua wala sisi kumjua.

Zamani mvua iliyoanguka katika migomba na kahawa, na juu zaidi msituni, ilinywewa na udongo wa jivu la volkano kama sifongo inywavyo. Leo nyumba za bati zimekuwa nyingi, na barabara, na viwanja vilivyosakafiwa kwa saruji, na njia zilizokanyagwa zikawa ngumu kama chungu. Fanyeni hesabu ndogo pamoja nami. Paa la nyumba yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 lina mita za eneo 60. Mvua ya milimita 40 ikinyesha juu yake, paa hilo hutoa lita 2,400, nayo ni mapipa 12 ya lita 200. Nyumba mia moja za namna hiyo hutoa lita 240,000 kwa mvua moja. Maji hayo hayana mahali pa kukaa. Yatatafuta njia, na yasipopewa njia na watu yatajifanyia yenyewe, ama katika shamba la mtu, ama katika darasa la shule, ama chini ya nguzo za daraja.

Nani asiyekumbuka masika ya 2024? Mvua zile zilileta maafa katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Tarehe 12 Aprili mwaka ule, katika jiji la Arusha, gari lililokuwa likiwapeleka watoto shuleni asubuhi lilisombwa na maji korongoni, na watoto wakafa. Sitaki kulieleza jambo hilo kwa maneno mengi. Wazazi wao wangali hai. Nataka tu mfikiri hivi. Mvua ya mlimani huonekana na watu wa mlimani kabla maji yake hayajafika chini. Kama yuko mtu juu mwenye chombo cha kupimia, naye ajua kwa hesabu za miaka iliyopita kwamba mvua ya kiasi fulani katika saa moja hufanya korongo fulani lisipitike, mtu huyo aweza kupiga simu. Asiyekuwa na hesabu aweza tu kusema, "Naona mvua kubwa." Na mvua kubwa husemwa kila mwaka, hata watu hawasikii tena.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, wingi wa maji. Ya pili ni hali ya maji yenyewe, nayo hapa Meru ina habari ndefu.

Ninyi nyote mwajua meno ya watu wa kwetu. Ukienda Dar es Salaam na kucheka, mtu hukuuliza, "Wewe watoka Arusha?" Twafanya mzaha juu yake, lakini si jambo la mzaha kabisa. Madini yaitwayo floraidi hutoka katika mawe na majivu ya mlima huu wa volkano, nayo huyeyuka katika maji. Kidogo chake hufaa meno. Kikizidi huyatia rangi ya kahawia na kuyamong'onyoa, hasa kwa mtoto mdogo ambaye meno yake yangali yakijengwa ndani ya taya. Kikizidi sana kwa miaka mingi hushika mifupa, viungo vikawa vigumu, na miguu ya watoto ikapinda. Shirika la Afya la Dunia lashauri kisipite miligramu 1.5 katika lita moja. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu mpaka miligramu 4, kwa sababu maji mengi ya kaskazini yasingefaulu kwa kipimo kikali zaidi na watu wangeambiwa wasinywe kitu. Baadaye kipimo cha taifa kikashushwa mpaka 1.5. Lakini maji hayabadiliki kwa kuwa sheria imebadilika. Ziko chemchemi na mito katika nchi hii, upande wa Ngarenanyuki hasa, ambayo imepimwa na kuonekana ina zaidi ya miligramu 10. Maziwa ya Momella hayana haja ya kusemwa. Humo floraidi ni nyingi kupita kiasi.

Tena yafaa niseme, maana akina mama waniuliza daima: kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Huua vijidudu, jambo ambalo ni jema sana, lakini maji yakipungua sufuriani floraidi iliyobaki huwa nzito zaidi. Wala dawa ya klorini haiiondoi. Hata magadi yatiwayo katika maharage ili yaive upesi yaweza kuiongeza, kwa kuwa magadi ya pande zetu nayo huwa na floraidi ndani yake. Katika kituo cha Ngurdoto, karibu na hapa, wataalamu wa serikali wamefanya kazi miaka mingi ya kuiondoa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa katika tanuri pasipo hewa nyingi, husagwa, nayo maji hupitishwa humo. Na katika Chuo cha Nelson Mandela kule Tengeru, kilichozinduliwa 2012, Dakta Askwar Hilonga alitengeneza chujio lake la maji, akapata tuzo ya Afrika ya wahandisi inayotolewa na chuo cha wahandisi cha Uingereza, mwaka 2015, naye alikuwa wa kwanza kuipata. Lakini kabla ya kuchuja sharti ujue wachuja nini, na kiasi gani, na wakati gani wa mwaka. Hapo ndipo kazi yenu inapoanza.

Sasa sikilizeni, maana hapa wengi hukosea. Maji ya mvua yanapoingia mtoni, floraidi katika lita moja kwa desturi hupungua, kwa kuwa maji ya chemchemi yamechanganywa na maji mengine. Mtu aliyepima Aprili aweza kuandika kwamba mto ni mzuri, na aliyepima Septemba mahali pale pale akaandika kwamba ni mbaya, na wote wawili wakawa wamesema kweli. Wakija kubishana mbele ya halmashauri kila mmoja atamwita mwenziwe mwongo. Lakini vijidudu vya kinyesi, tope, mbolea na dawa za mashambani huenda kinyume: hivyo huongezeka mvua inyeshapo, na hasa katika maji ya kwanza ya mvua ya kwanza, baada ya kiangazi kirefu. Miezi mitatu uchafu umelala juu ya ardhi, mavi ya mifugo, oili ya magari, taka za soko, dawa zilizonyunyizwa juu ya maua na mboga; mvua moja huufagia wote. Ukifika saa mbili baada ya mvua kuanza, na kuchota maji yaliyokwisha kupungua ukali, utapata picha ya nyumba iliyokwisha kufagiliwa.

Kwa sababu hiyo mpimaji wa maji ya mvua hana siku ya kupumzika katika masika. Mvua haimngojei. Yafaa chupa zake ziwe zimeoshwa na kuandikwa namba tangu jana, na buti ziwe mlangoni. Achote mapema maji yanapoanza kupanda, achote tena yanapofika juu, na tena yanaposhuka, na kila chupa aiandikie saa yake. Chupa ya kupimia floraidi iwe ya plastiki, si ya kioo. Chupa ya kupimia vijidudu iwe imechemshwa ama kusafishwa na maabara, isifunguliwe mpaka dakika ya kuchota, wala kidole kisiguse mdomo wake. Na ikishajaa iwekwe katika barafu na gizani, ifike maabara siku ile ile, bora kabla ya saa sita kupita, maana vijidudu katika chupa yenye joto huzaa au hufa, na hesabu ikawa ya chupa wala si ya mto. Mdomo wa chupa uelekezwe kule maji yatokako. Usichote ukingoni palipotuama, wala usikwangue tope la chini.

Nalisema neno hili kwa ukali: mtu asiingie katika maji ya mafuriko kwa ajili ya chupa. Maji yafikayo magotini, yakiwa ya kasi, humwangusha mtu mzima. Tumieni ndoo yenye kamba kutoka darajani, ama fungeni chupa katika mti mrefu, nanyi msiwe peke yenu. Usiku, kama hapana taa wala mwenzi, acheni. Andikeni katika kitabu kwamba hamkupima na sababu yake. Hakuna namba iliyo sawa na uhai wa kijana.

Juu ya kupima wingi wa maji nitasema kwa kifupi, kwa kuwa mtaonyeshwa kwa vitendo. Mvua hupimwa kila siku saa tatu asubuhi, wala si saa tatu kasorobo kwa sababu mtu ana safari. Kipimio kiwe mahali pa wazi, mbali na migomba na paa, nacho kichungwe dhidi ya mbuzi na watoto. Kimo cha mto husomwa katika ubao wa vipimo uliosimamishwa kando. Kazi ya namna hii ni ya kale: katika kisiwa cha Roda huko Kairo iko nguzo ya kupimia mto Nili iliyojengwa mwaka 861, nayo ilitumika kujua kama mwaka utakuwa wa shibe ama wa njaa, na kodi itozwe kiasi gani. Na hapa kwetu Afrika Mashariki kimo cha ziwa Viktoria kimeandikwa tangu 1896. Hata maji ya ziwa yalipopanda sana mwezi wa Mei 2020, watu waliweza kusema kwa hakika kwamba yamepita kidogo kile kimo cha 1964, kwa kuwa makarani wa zamani, ambao majina yao hatuyajui, hawakuchoka kusoma ubao.

Lakini kimo peke yake hakisemi ni lita ngapi zinapita. Kwa hiyo chagueni mahali ambapo mto umenyoka, pimeni urefu wa mita 20 kwa kamba, tupeni chungwa au kipande cha mti katikati, na kuhesabu sekunde. Tuseme chungwa limekwenda mita 20 kwa sekunde 16. Kasi ya juu ya maji ni mita 1.25 kwa sekunde. Maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu kwa kuwa hukwaruzana na mawe, basi zidisheni kwa 0.8, mtapata mita 1 kwa sekunde. Kama mto una upana wa mita 2 na kina cha wastani cha nusu mita, basi maji yapitayo ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, kila sekunde. Fanyeni hivyo mara nyingi, mto ukiwa mdogo na ukiwa mkubwa, mkichora mstari wa kimo na wingi. Baadaye kusoma ubao peke yake kutatosha. Ila mkumbuke kwamba mafuriko makubwa hubadili sakafu ya mto, na mstari wa mwaka jana huwa uongo mwaka huu usipopimwa upya. Na kama mto umejaa, kina na upana vipimweni maji yakiisha kupungua, kwa kufuata alama ya tope ukingoni, kwa ile sababu niliyokwisha kuisema.

Mkiwa na wingi na mkiwa na kiasi cha uchafu, zidisheni kimoja kwa kingine. Nawapa mfano wa hesabu tu, si habari ya mto wowote. Kiangazi mto hupitisha lita 50 kwa sekunde, kila lita ina miligramu 8 za floraidi: jumla ni miligramu 400 kwa sekunde. Masika hupitisha lita 1,000, kila lita ina miligramu 2: jumla ni 2,000. Basi kwa mnywaji masika ni bora, maana kikombe chake kina kidogo. Lakini kwa bwawa lililo chini, ambalo hukusanya yote, masika huleta mara tano. Ukiulizwa, "Wakati gani ni mbaya zaidi?" sharti nawe uulize, "Mbaya kwa nani?"

Sasa nafika katika hesabu zenyewe, nami hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa watu hupenda vyombo kuliko madaftari. Vyombo vyang'aa, daftari halina fahari. Lakini nimeona chombo cha fedha nyingi kikitoa hesabu zisizofaa kitu, kwa sababu ya mtu mmoja tu aliyeandika vibaya.

Kwanza ni habari ya saa. Sisi husema saa mbili usiku. Mashine huandika 20:00. Vijana wawili wakipima mto mmoja, mmoja akafuata saa ya Kiswahili na mwingine saa ya mashine, nao hawakusema, mtaona mvua imenyesha baada ya mafuriko kupita. Hili si jambo la kubuni, hutokea mara nyingi. Chagueni saa moja, iandikwe juu ya kila ukurasa. Kadhalika tarehe: kompyuta nyingine huisoma 4/5 kuwa tarehe 5 Aprili, na kumbe mwenyewe alitaka kusema tarehe 4 Mei. Andikeni jina la mwezi kwa herufi.

Pili, sifuri si pengo. Mvua isiponyesha andika 0. Usipopima, usiandike 0; andika kwamba hukupima. Kati ya mambo haya mawili iko tofauti kubwa kama kati ya kusema "Mtoto hana homa" na kusema "Sikumgusa mtoto." Na kama kipimo cha maabara hakikuona kitu, sharti waandike kidogo kuliko kiasi gani hakiwezi kuona.

Tatu, jihadharini na wastani. Tuseme umepima tope mara tano ukapata 12, 15, 14, 13 na 400. Wastani ni karibu 91, lakini hapakuwa na siku hata moja ambayo maji yalikuwa 91. Zipange kwa mfuatano, uchukue namba ya katikati, nayo ni 14. Hiyo ndiyo siku ya kawaida. Je, ile 400 itupwe? La! Wako watu, hata wenye elimu, ambao huifuta ili jedwali lipendeze. Katika kazi ya maji ya mvua, 400 huenda ndiyo habari yote uliyotumwa kuitafuta. Tazama kitabu: mvua ilinyesha? Chupa ilikuwa safi? Tope liliguswa? Ukikuta kwamba kipimo kiliharibika, iandike hivyo kando yake, usiifute. Ukikuta kwamba ni kweli, mwite mwenyekiti. Tena jueni kwamba baadhi ya vipimo hutumia rangi ya maji, na maji ya tope hudanganya kipimo cha rangi. Yaachwe yatulie au yachujwe kwanza, na iandikwe kwamba yamechujwa.

Ili mjue kama mkono wenu ni amini, katika kila chupa kumi chukueni moja mbili-mbili, mahali pamoja na dakika moja, mkazipeleka maabara zikiwa na namba tofauti. Majibu yakikaribiana, vema. Yakitofautiana sana, tafuteni sababu kabla ya kusema neno mbele za watu. Na pelekeni chupa moja ya maji safi kabisa, iliyosafiri pamoja na zile nyingine. Ikirudi na vijidudu, basi vijidudu hivyo mmevibeba ninyi.

Tena liko jambo la kujaza kitabu kwa kubuni. Niliwahi kuonyeshwa kitabu cha mvua cha kituo kimoja, sitakitaja, ambacho kurasa zake zilikuwa safi mno. Wino mmoja, mkono mmoja, na mvua ikiishia kila mara katika 5 au 0. Mpimaji hakuwa mvivu kwa asili yake. Alikuwa hajalipwa kwa muda mrefu, naye aliogopa kukutwa na kitabu kitupu. Twaweza kumlaumu, lakini mimi nawalaumu zaidi wale waliopokea kitabu mwaka baada ya mwaka pasipo kukitazama. Vijana, pengo huweza kusamehewa. Mhandisi akijenga daraja kwa mvua ya kubuni, watakaovuka juu yake hawakubuniwa. Na ninyi wazee, mkimtaka kijana asome ubao siku 365, mtazameni posho yake na mvisome vitabu vyake.

Sasa neno kwenu wenyeviti wa mifereji, maana najua liko mioyoni mwenu ingawa hamkulisema. Mwaogopa kwamba hesabu zitatumiwa kuwanyang'anya maji. Hofu hii haikosi msingi. Kwa sheria ya maji ya 2009 maji yote ni mali ya umma, na mwenye kuyatumia yampasa awe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake ni Moshi. Hesabu zaweza kuonyesha kwamba mfereji fulani wachukua kupita haki yake. Ni kweli. Lakini fikirini upande wa pili. Kamati za mito katika nchi hii zimegawa maji kwa zamu tangu zamani, wa juu na wa chini, na ugomvi wa kiangazi huja pale ambapo kila upande hudai kwa macho. Yeye asiye na hesabu hushindwa na yeye aliye nazo, na mashamba makubwa yana vyombo vyao na makarani wao. Je, mkulima mdogo atakwenda mbele ya bodi na nini mkononi? Kwa maoni yangu hofu hiyo isiwafanye mkatae kupima, bali iwafanye mdai hesabu zisifichwe. Nakala ibaki kijijini. Namba za kila mwezi zibandikwe ubaoni penye ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, ili hata mama atokaye sokoni azisome. Mtu akitaka kuzipinga, azipinge hapo hapo.

Wako pia waliosema, "Hizi ni kazi za wasomi wa vyuo." Sivyo kabisa. Kwa cheti kamili, kiko Chuo cha Maji Ubungo, Dar es Salaam, kilichoanza 1974. Kwa elimu ya juu kiko Tengeru hapo jirani. Na wako wenzetu waliokwenda hata Delft, Uholanzi, ambako wahandisi wa maji wa nchi nyingi wamefundishwa tangu 1957. Wanaopenda wafuate njia hizo. Lakini mwaka 1854, kipindupindu kilipoua watu London, tabibu John Snow hakuwa na mashine yoyote ya kuona ugonjwa majini. Alihesabu waliokufa, akaziweka alama katika ramani nyumba kwa nyumba, akaona kwamba wengi walinywa katika bomba moja. Mpini wa bomba ukaondolewa. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye darasa la sita aweza kufanya hesabu za namna hiyo, na watoto wakajifunza wastani na mchoro kwa maji ya mto wao wenyewe badala ya machungwa ya kitabuni.

Mengine mtayaona kwa macho. Kesho, mvua iwepo isiwepo, tutagawanyika makundi matatu. La kwanza litakwenda darajani kwa chungwa na kamba. La pili litafuata mifereji ya barabara mpaka korongoni, kuangalia maji ya barabarani yaingia wapi, na kuchagua mahali pa kuchotea patakapofikika hata usiku. La tatu litakwenda Tengeru, kwa kuwa ni siku ya soko, kuchota chini ya soko asubuhi kabla watu hawajajaa na tena jioni wakisha kuondoka. Chupa zimekwisha kuandikwa namba. Barafu itakuwa tayari saa kumi na mbili asubuhi, yaani 06:00, nami nawaomba mwandike hivyo hivyo katika ukurasa wa kwanza.